Mkono Chini ya Boneti

Katika mji wetu, taa ya injini inapowaka mbele ya dereva, wengi hawaulizi gari linaumwa nini. Huchomoa waya wa betri, hungoja kidogo, kisha huurudisha. Taa huzimika, nao huondoka wameridhika. Nimeendesha gereji mtaani Jabe tangu ujana wangu, na sijafaulu kuwaondolea desturi hiyo, ambayo ni ya watu wanaochukia kuambiwa ukweli. Mchana mmoja niliiona ikivunja mifupa.

Fundi mwenzangu, mtu mpole wa Kanyosha, alikuwa amebadilisha buji, yaani plagi za kuwashia moto, za gari la mfanyabiashara mmoja ninayeswali naye. Wiki haikwisha, gari likaanza kukatakata kwenye mwinuko wa Kigobe, kisha likazimika. Walilikokota hadi kwetu. Mfanyabiashara alishuka na kaka zake wawili, mkononi ameshika spana ya magurudumu, na kabla ya salamu akampiga fundi nayo begani. Alidai kwamba amechomolewa injekta zake nzima na kuwekewa kuukuu. Tuhuma hiyo ni ya kawaida, na wako mafundi walioistahili. Huyu hakuwa miongoni mwao. Pigo la pili lilimpasua juu ya jicho.

Nilijitia kati, nikabanwa ukutani kwa kiwiko kooni. Pumzi iliponirudia, niliwaomba waache mashine ya kusoma kodi, zile namba za hitilafu ambazo gari huziandika kwenye kumbukumbu yake, iamue. Walikubali kwa sharti lao. Kaka wawili walimwinamisha fundi, wakaulaza mkono wake wa kulia kwenye ukingo wa chumba cha injini, naye mfanyabiashara akaishika boneti juu. Mashine isipomtetea, vidole vitabaki pale.

Nilichomeka waya wa mashine chini ya usukani. Kioo kiliandika kwamba hakuna kodi hata moja. Nilielewa papo hapo: walikuwa wamechomoa betri kabla ya kuja, kama afanyavyo kila mtu. Niliwaeleza kwamba kumbukumbu ya gari imefutwa, na kwamba walioifuta ni wao. Mfanyabiashara alicheka puani.

"Mashine yako imenyamaza, muzee. We mwenyewe umeona."

Akaibamiza boneti.

Mlio ule haukuwa wa chuma peke yake. Walipoiinua, fundi aliteleza hadi chini, akaukumbatia mkono kifuani. Damu ilikuwa ikimwingia jichoni, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Muwashe gari. Muache ingurume. Ile taa itarudi."

Waliwasha, nadhani ili wapate kumcheka vizuri. Injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na baada ya muda taa ikaanza kumetameta. Kodi zikatoka: silinda zote zinakosa moto. Silinda zote zinapougua pamoja, fundi hutazama kwanza kile zinachokunywa pamoja. Injini ikiendelea kunguruma, nilifungua mpira unaorudisha petroli tangini, nikakinga kwenye chupa tupu, nikaisimamisha juani. Petroli ikapanda juu. Chini yake yakatulia maji machafu, karibu nusu ya chupa.

Petroli imekuwa adimu kwetu, naye alikuwa amenunua ya magendo, iliyotiwa kwenye bidoni za plastiki. Hakulikana hilo. Aliitazama chupa, na kaka zake wakatazama barabara.

Nilimfunga fundi mkono kwa shuka yangu. Nilimwambia mfanyabiashara kwamba ana deni la mja mwenzake, ambalo swala haitalifuta, na kwamba atamsindikiza hospitali mwenyewe. Alimwinua na kumketisha kwenye gari langu, akapanda kando yake. Vidole vile vilipona vikiwa vimepinda. Hadi leo fundi hawezi kushika spana kwa mkono wa kulia.

Lakini mchana ule, nilipokuwa nikiwasha gari langu, mfanyabiashara aligeuka kulitazama lake, lililokuwa bado likitetemeka uani huku taa ikimetameta.

"Muzee," aliniambia kwa upole, "na ile taa, hutaizima kwanza?"