Ribiti Mbili Zilizonyamaziwa Miaka Tisa

Saa mbili kasoro asubuhi, uani nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu, fundi mwenye umri wa miaka sitini na moja anapiga magoti kwenye gunia lililokunjwa mara nne. Mbele yake, juu ya matofali, imelala fremu ya lori isiyo na kichwa wala magurudumu.

Anasaga kichwa cha ribiti, pini nene inayoshikanisha vyuma vya fremu, mpaka cheche ziishe. Anatoboa katikati kwa keekee ya umeme, anaweka kipande cha nondo kwenye tundu, anakipiga nyundo. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya nne ribiti inachomoka upande wa pili na kuanguka kwenye bati.

"Sabini na moja," anasema, akinyoosha mgongo.

Fremu ina ribiti tisini na sita. Akitoa nne kwa siku, hiyo ni siku njema. Nyingine zimeshika kutu hadi zimekuwa kitu kimoja na chuma, huzilowesha dizeli usiku kucha kabla ya kuzigusa.

Majirani humwita Tindo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tindo, ile patasi ya kukatia chuma, mkononi. Mkewe, ambaye kamba yake ya nguo imehamishiwa mbele ya nyumba, ana lake la kusema.

"Wenzangu wana bustani. Mimi nina lori lisilo na lori."

Anacheka, kisha anaingia ndani haraka. Anajua fremu hii ilikotoka.

Lilikuwa lori la shemeji yake Tindo, mume wa dada yake mkubwa. Miaka tisa iliyopita, Jumamosi jioni, alilileta gereji alikofanya kazi Tindo, likaguliwe kabla ya safari. Tindo aligonga ribiti moja moja kwa nyundo, kama alivyofundishwa. Nzima hulia. Iliyolegea hutoa sauti ya kitu kilichofunikwa shuka. Karibu na springi za nyuma, mbili zilitoa sauti hiyo.

"Nilizisikia vizuri kabisa," anasema. "Lakini nilikuwa nimeshanawa mikono. Nikamwambia, nenda tu shemeji, iko sawa."

Siku mbili baadaye, kwenye mteremko, fremu ilikatika hapo hapo. Lori lilipinduka na mbao zake. Shemeji alitoka hai, ila mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Tangu siku ile shemeji alijilaumu mwenyewe. Aliwaambia wote kwamba alizidisha mzigo, na mkewe akaamini hivyo. Tindo hakusema neno. Kila mwezi alikwenda kumjulia hali, akakaribishwa, akala, akaaga.

"Nilikuwa nampelekea matunda na uongo katika mfuko mmoja," anasema. "Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa siku ileile, nikamficha."

Mwanzoni mwa mwaka huu aliikuta fremu kwenye yadi ya vyuma chakavu, ikingoja kukatwakatwa. Aliinunua, akaileta nyumbani. Alianza na zile mbili. Hazikuhitaji keekee; zilitoka kwa vidole.

Alizifunga kwenye kitambaa, akaenda kwa shemeji yake, akaziweka mezani, akaeleza yote.

Shemeji alizigeuzageuza kiganjani muda mrefu.

"Ungeniambia, ningeshusha mbao," alisema hatimaye. "Miaka tisa nalala nikijiita mwenye tamaa."

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila kitu.

"Ribiti ningekusamehe," alimwambia mdogo wake. "Kula mezani kwangu ukiwa umenyamaza, hapana. Toka."

Hiyo ni miezi minne sasa. Shemeji amekuja uani mara mbili kwa magongo yake. Wamekubaliana: fremu ikishasafishwa, kuungwa ilipokatika na kupigwa ribiti mpya, itakuwa tela, na tela litakuwa la shemeji, alikodishe kwa wenye matrekta. Hata hivyo hawacheki tena kama zamani. Huzungumza chuma, basi.

"Mguu siwezi kuurudisha," Tindo anasema. "Na ile miaka tisa ya kujilaumu ndiyo inayoniuma zaidi. Mguu ulikuwa uzembe wa jioni moja. Ile miaka niliichagua kila siku."

Kila Jumapili huenda kusimama nje ya geti la dada yake. Hubisha hodi, hungoja nusu saa, hurudi. Hajawahi kufunguliwa.

Jumapili iliyopita shemeji alitoka na ujumbe kutoka jikoni. "Dada yako anasema usisimame juani. Utaanguka bure, uwape watu kazi."

Tindo anaurudia ujumbe huo polepole, akijifuta jasho.

"Ni neno la kwanza kutoka kwake tangu anifukuze."

Jumapili hii atakwenda tena. Ameamua kufika saa mbili, kabla jua halijapanda.