Sikio Zima

Mume wangu alikwenda kisiwa cha Goziba kununua dagaa, kama alivyokuwa akienda siku zote, na boti ikapinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana, si mzima wala maiti. Baada ya hapo sikio langu la kushoto likaanza kulia, mlio mwembamba usiokatika, kama nyenje aliyenasa ukutani.

Nilitia mafuta ya vuguvugu, nikatia maji ya majani, wapi! Mwisho nikaenda Bukoba mjini. Daktari alimulika masikio yote mawili, akasema ni mazima kabisa, kisha akauliza kama kuna jambo limenipata. Nilikasirika. Nimemletea sikio, yeye anataka habari za nyumbani kwangu. Lakini nilipofungua mdomo nimjibu, nililia mpaka muuguzi akafunga mlango. Daktari akanieleza taratibu kwamba huzuni na mawazo huweza kuleta mlio wa namna hiyo, au kuukuza uliokuwepo. Sindano ya hilo hakuwa nayo.

Nyumbani Izimbya mama mkwe alikuwa ananingoja na neno lake lile lile. Katika ukoo wao, aliyepotelea ziwani huzikwa kwa mgomba. Shina hukatwa kwa kimo chake, likalazwa kaburini kwenye kibanja, katikati ya migomba ya nyumbani. Mimi nilikuwa nimekataa katakata. Kuzika mgomba ni kukiri kwamba harudi. Nilishamjibu vibaya mara nyingi, nikimwambia ana haraka gani ya kumzika mwanawe.

Siku hiyo hakubishana. Alikaa kando yangu akimenya ndizi, akasema, "Mwanangu, hata mimi masikio yanalia tangu alipopotea. Nimezeeka. Nikifa, watanilaza karibu na nani?"

Nikakubali.

Mchungaji hakuja, alisema kanisa haliziki migomba, kwa hiyo wazee wa ukoo waliomba wenyewe. Nililivika shina shati lake la kanisani kwa mikono yangu, nikafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Roho iliniuma kuliko siku niliyoletewa habari.

Watu walipotawanyika, mama mkwe aliniuliza kama sikio limetulia. Nikamwambia limetulia. Akasema hata yake yametulia, huku kiganja chake kimebana sikio, na langu likilia kuliko jana.