Mwezi Kwenye Tovuti ya Wauza Samaki

Chama chetu cha wauza samaki wa Rumonge kilipojengewa tovuti, fundi aliyeijenga, mtu wa Bujumbura, aliandika juu kabisa kwa herufi kubwa: SAMAKI WABICHI KILA SIKU. Chini yake akaweka kitufe cha kuagizia. Nilimwambia huo ni uongo. Akacheka, akasema hiyo ndiyo lugha ya biashara. Mimi nilikuwa katibu wa chama, na neno la siri nilipewa ili nibadilishe picha tu. Nikaonywa nisiongeze kitu.

Mtu yeyote wa pwani hii ya ziwa, kuanzia Kabezi mpaka Kabonga, anajua kwamba hiyo "kila siku" haipo. Samaki wetu, mukeke na ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa za wavuvi hazina kazi tena, basi mitumbwi inapumzika mpaka giza lirudi. Wavuvi wanashona nyavu, wanawake wanaoanika ndagala wananyoosha migongo. Kitufe chetu ndicho pekee ambacho hakikupumzika. Wenye hoteli wa mjini walikibonyeza, wakaamini, wakatuma magari.

Magari hayo yalifika ufukwe wa Magara na masanduku ya barafu, yakakuta nyavu zimetandazwa juani. Na nani alitukanwa? Si fundi. Alitukanwa shangazi yangu, anayeuza samaki pale ufukweni. "Waswahili ni waongo tu," walimwambia. Katika nchi hii jina letu limegeuzwa tusi. Mtoto akidanganya kwenye mchezo wa gololi, wenzake wanamwambia amekuwa Muswahili. Babu yangu alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo na cherehani yake, akashona nguo za watu hadi macho yakamchoka, na sijui alimdanganya nani. Hata kama alidanganya, hilo ni lake na Mungu wake.

Shangazi hakunigombeza. Alikuja ofisini, akakaa, akaielekezea kidole tovuti kwenye kompyuta, akasema, "Mwanangu, ile siti yenu inanitukanisha." Kisha akaondoka. Heri angenipiga kofi.

Siku hiyo nilifungua tovuti kwa hasira. Inaendeshwa na mfumo wa bure ambao ndani yake kuna ghala la plagini, yaani viprogramu vidogo vya kuipa tovuti kazi ambazo haikuwa nazo. Unaandika unachotafuta, unachagua, unabonyeza, kinajipachika chenyewe. Nilitaka kimoja kinachoujua mwezi, ili mwezi ukiwa mpevu kile kitufe kijifiche. Nikaandika kwa Kiswahili, ghala likanyamaza. Nikaandika kwa Kifaransa, zikamiminika. Moja ilikuwa inawashauri watu siku nzuri ya kukata nywele. Nyingine ilihusu kupanda karoti. Iliyonivutia kuliko zote ilikuwa imetelekezwa na mtengenezaji wake miaka mingi, na plagini iliyotelekezwa ni mlango usio na komeo, basi nikaiacha ingawa roho iliniuma. Mwishowe nikapata moja iliyorekebishwa karibuni, watumiaji wake wanaisifu, na inaweza kuficha sehemu yoyote ya ukurasa kwa kufuata mwezi. Nikahifadhi kwanza nakala ya tovuti nzima. Nilikuwa na hasira, sikuwa na wazimu.

Nikaiwasha. Kitufe kikatoweka. Mahali pake ukatokea mwezi wa mviringo, na chini yake maneno niliyoandika mwenyewe: Leo mbalamwezi, samahani, hakuna samaki. Nilipiga kigelegele peke yangu ofisini. Sikukumbuka kushuka hadi chini ya ukurasa.

Aliyeshuka ni Prezida wa chama, mwenye mitumbwi, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Baada ya swala ya Ijumaa aliitisha mkutano, akaweka simu yake mezani. Chini ya mwezi wangu ile plagini ilikuwa imewapanga nge, kaa, ng'ombe dume na mizani, kila mmoja na utabiri wake wa mapenzi.

"Katibu, umetuwekea uganga wa nyota?"

Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Mama mmoja mlokole, aliyerudi kutoka uhamishoni Tanzania, akakemea kwa jina la Yesu. Sikuwahi kuwaona Waislamu na Wakristo wa chama chetu wakikubaliana upesi hivyo.

Nikaingia kwenye mipangilio mbele yao, nikaondoa alama moja, nge na wenzake wote wakapotea. Nilidhani yamekwisha.

"Na mwezi utoe," Prezida akasema.

"Kwa nini?"

"Siti iko ya kuvuta watu. Ukiandika hakuna samaki, nani atakuja?"

"Walikuja, Prezida. Wakakuta nyavu."

"Wakishafika hawarudi mikono mitupu. Watanunua hata ndagala kavu. Lete kode ya kuingilia, hii siti haiko ya kwako."

Kumbe alijua. Ule uongo ulikuwa ndoano yake, na shangazi yangu ndiye aliyekuwa chambo.

"Sitoi," nikasema.

Hakubishana nami. Alimpigia fundi, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. "Fundi, ondoa katibu kwa siti."

"Naweza sasa hivi, Prezida. Nimuondoe?"

Shangazi alikuwa amekaa karibu na mlango pamoja na wanawake wa kuanika. Akainuka, akainamia simu, akamsalimia. "Fundi, amahoro. Miye ndiye niko Magara. Ukimuondoa huyu mutoto, uje ukae pale kwa nafasi yangu. Wakikuja kutukana Waswahili, wakutukane weye."

"Na aje!" wanawake wakaitikia.

Fundi akauliza, "Prezida? Nimuondoe ao nimuache?"

Prezida akawatazama wale wanawake. Wakigoma kuanika, ndagala zake zitaozea mitumbwini, na alilijua hilo kuliko sisi sote.

"Acha kwanza," akasema, akakata.

Hilo "kwanza" nililisikia vizuri. Mpaka leo salamu yake kwangu ni ya nusu mdomo, na siku yoyote anaweza kupiga simu ile tena. Na apige.

Walipotoka nilibaki mbele ya kompyuta. Nikayasoma upya maneno yangu, nikaona aibu kwa ile "samahani". Niliomba radhi ya nini? Nikafuta yote. Nikaandika: SISI WASWAHILI WA PWANI HII TUNAKUAMBIA UKWELI. LEO HAKUNA SAMAKI. USIJE.

Nikabonyeza chapisha.