Mlinzi wa Bungoma anayevisha ndege pete Doha, na asubuhi aliyokosea

Jua halijachomoza, lakini shati la Silvesta Makokha limeshalowa jasho. Anatembea polepole kando ya wavu mweusi uliotandazwa katikati ya mikunazi, katika shamba moja pembezoni mwa Al Rayyan, jirani na Doha. Wavuni amenasa ndege mdogo wa kahawia mwenye mkia mwekundu. Silvesta anamshika, shingo katikati ya vidole viwili, kisha anaunasua mguu, halafu bawa.

Silvesta, 34, ni mlinzi wa usiku hapo shambani. Husimama getini kwa saa kumi na mbili, mpaka alfajiri. Zamu ikiisha, wenzake watano wa chumbani hulala. Yeye huja kwenye nyavu.

Kila Septemba ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia hupita Qatar wakielekea Afrika. Hannah Chebet, mtafiti kutoka Kericho, huwanasa, huwavisha pete yenye namba mguuni, huwapima na kuwaachia. Wakinaswa kwingine, namba hueleza walikopita.

Silvesta ni mwanafunzi wake. Hannah amemwahidi kwamba akimaliza msimu bila kosa, atamwandikia barua ya kuombea kazi kama hiyo katika msitu wa Kakamega, karibu na kwao Chwele, Bungoma. Mkataba wa ulinzi unakwisha Desemba. Bila barua, atatia saini miaka miwili mingine.

“Binti yangu Nasimiyu ana miaka mitano. Ananijua kwa simu tu,” anasema na kucheka. “Alimuuliza mamake kama niko na miguu.”

Saa moja na nusu upepo unageuka, na ndege wanateremka shambani kwa makumi. Kanuni ni moja: kila ndege na mfuko wake wa kitambaa. Mifuko ikiisha, Hannah anaitwa na nyavu zinafungwa. Silvesta ana mifuko kumi na miwili. Ndege ni kumi na watatu, na jua limeshaanza kuwachoma.

Silvesta hamwiti Hannah. Hakuna anayemwona, hata mwandishi huyu. Alisimulia mwenyewe baadaye. Chwele, kuku wa kupelekwa sokoni hupishanishwa mabawa mgongoni, naye hutulia tuli njia nzima. Silvesta amefanya hivyo tangu utotoni. Akampishanisha mabawa ndege wa kumi na tatu, akamlaza kivulini ndani ya kofia yake hadi mfuko mmoja ulipobaki mtupu, ndipo akamfungua na kumtia humo.

Mezani, Hannah anamvisha ndege huyo pete na kufungua kiganja. Ndege anaanguka mchangani. Anainuliwa, anaanguka tena, bawa la kushoto likiburura. Hannah anaandika daftarini kwamba ameumizwa na wavu.

Silvesta angeweza kunyamaza, barua yake ikabaki salama.

“Madam, si wavu,” anasema. “Ni mimi. Nilimfunga mabawa, vile tunafunga kuku.”

Hannah anaweka kalamu chini. “Kwa nini hukuniita?”

“Mifuko iliisha. Niliogopa utasema sijui kazi.”

“Kuita ni sehemu ya kazi, Silvesta.”

Ndege anawekwa kwenye boksi penye giza na ubaridi. Saa nne kasorobo, amekufa. Alikuwa na uzito wa gramu kumi na tano. Inauma kumtazama mtu mzima akilia juu ya kitu chepesi hivyo, na Silvesta halifichi chozi lake.

“Mwaka huu barua siwezi,” Hannah anamwambia. “Nikiandika hujakosea, nitakuwa nimedanganya. Pole.”

Mpaka msimu uishe atabeba mifuko tu, haruhusiwi kushika ndege. Amekubali. Mkataba mpya atausaini, na Septemba ijayo ataomba kuanza mafunzo upya.

“Ndege watapita hapa mara mbili kabla nimalize mkataba,” anasema, akiitazama simu yake asiipige. “Mtoto nilimwahidi Krismasi niko nyumbani. Sasa nitamwambia narudi akifika gredi ya pili.”