Hadithi ya Mchana

Nilipokuwa na miaka tisa tulikuwa tukikaa Jeddah, baba akiwa karani bandarini, na nyumbani mwetu kulikuwa na sheria moja ambayo hata yeye hakuthubutu kuibishia: hadithi haitolewi mchana. Sheria hiyo aliileta Bibi, mamake mama, aliyekuja kututembelea kwa miezi kadhaa. Baada ya magharibi alitukalisha mkekani akatusimulia kwa Kimvita cha Mombasa yake ya zamani, ambamo macho ni mato, njia ni ndia na kichwa ni kitwa. Ukimwomba mchana, hata kipande tu, alikunja uso.

"Hadithi ya mtana hupoteza aliye ndiani," alikuwa akisema.

Na sisi tulikuwa na mtu wetu njiani. Mama mdogo Riziki, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa ameletwa Riyadh na wakala, miaka ile ambayo kila mtaa wa kwetu ulikuwa na msichana anayesubiri viza. Alifanya kazi za ndani katika nyumba ya watu wengi. Nafasi ya kupiga simu aliipata baada ya chakula cha mchana tu, madam akilala, naye alinong'ona kutoka chumba cha kufulia. Akishasalimiana na mama, aliniomba mimi.

"Nipe hadithi moja ya mama," aliniambia. "Na usinipe Kiswahili cha shule. Nataka ile ya mato na kitwa. Humu ndani kutwa ni yalla, yalla, haraka, haraka. Nitasahau hata nilivyokuwa nikisema."

Nilijua nafanya makosa, lakini sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilipenda kuombwa. Nilijifungia chumbani nikamsimulia. Siku moja nilifika pale Fisi aliponusa mchuzi wa harusi ya watu: "Fisi katia kitwa nyunguni. Kuvuta, kitwa hakitoki." Mama mdogo akasahau kunong'ona. Alicheka kicheko kamili, cha mtu aliye kwao. Kisha nikasikia mlango, sauti ya mwanamke akifoka kwa Kiarabu, na simu ikakatika.

Hakupiga kesho yake, wala wiki ile, wala mwezi ule. Baba alimtafuta wakala Mombasa. Wakala akasema aulizwe kafili, yule mwajiri aliyemdhamini. Kafili alipokea simu mara moja tu. "Mafi Riziki. Halas," akasema, yaani hakuna Riziki, basi, akakata. Mama akawa anapika na kusahau chumvi. Tulishasikia habari za wasichana waliorudishwa kwao ndani ya majeneza, na hakuna aliyezitaja mezani. Mimi niliyakwepa macho yao, kwa sababu nilijua aliyempoteza ni mimi.

Nikawaza kwa akili zangu za kitoto kwamba hadithi imekatika katikati, basi naye amekwama katikati. Kila magharibi niliiba simu ya mama nikapiga nambari yake. Ile sauti iliyorekodiwa ikinieleza kwamba simu imefungwa, mimi juu yake namalizia hadithi ya Fisi, mbio mbio, kabla laini haijakatika. Ikikatika, napiga tena.

Bibi alinifuma. Nililia, nikamwambia yote, nikangoja kofi. Hakunipiga. Alininyang'anya simu.

"Wewe waisimulia mbio mbio. Ataisikiaje?" akasema.

Aliketi sakafuni, akanitaka nimpigie ile nambari, akaanza mwanzo, polepole, bila kuruka neno, akimsimulia mwanawe ambaye hakuwa upande wa pili. Laini ilipokatika hakujua, akaendelea. Niliogopa kuliko siku zote, kwa kuwa nilidhani yeye angejua la kufanya.

Miezi minne baadaye mama mdogo alitupigia kwa simu ya kuazima, kutoka makazi ya wanawake wanaongoja kurudishwa kwao. Madam aliamshwa na kicheko, akadai kwamba Riziki anaongea na mwanamume. Alimpokonya simu, kisha akampeleka nyumbani kwa dada wa huyo madam, na huko akawa anafungiwa kwa ufunguo mpaka alipopata upenyo akatoroka. Mama aliweka simu sauti ya juu, kwa hiyo sote tulisikia. Bibi alinitazama, akainamisha uso.

Kwa hiyo onyo la Bibi lilitimia, na kwa miaka mingi nilibeba lawama ile. Sitaficha kwamba niliing'ang'ania. Kama kosa lilikuwa hadithi yangu, basi ningenyamaza tu na watu wangu wote wangekuwa salama. Nilipokua ndipo nilipoukubali ukweli ulio mchungu zaidi: mwanamke mzima alicheka akiwa kazini, na palikuwa na mtu mwenye uwezo wa kumfungia mlango kwa sababu hiyo. Hilo nisingeweza kulizuia, kwa kusema wala kwa kunyamaza. Na mtoto wa miaka tisa, nadhani, afadhali awe mkosaji kuliko kukosa la kufanya.