Mwanza kwa Saa Moja na Nusu

Wiki iliyopita, kwa wakala wa tiketi pale mtaani Viwanja Sitini, nilimkuta bibi wa Kisukuma aliyehamia huku bondeni kwetu zamani akiswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Mwanza. Alitaka kwenda kumwona dada yake aliyebaki huko.

"Kutoka Dar hadi Mwanza, ndege ni saa moja na nusu," binti wa kaunta alimwambia.

Bibi akashika kiuno, akacheka mpaka machozi. "Mimi nilitembea miezi minne!"

Mwanawe aliyemsindikiza akanong'ona, "Mama, utaogopa."

"Nilipishana na simba, niogope kiti?"

Jana binti wa kaunta alinisimulia simu aliyopigiwa na bibi kutoka Mwanza. "Nimefika, mjukuu wangu! Dada huyu hapa, kaning'ang'ania mkono. Ila rubani wenu ana haraka mno. Nilikuwa bado naangalia dirishani."