Siku Bandeji Yangu Ilifunguka Mbele ya Kanisa

Hii aibu nimeibeba vya kutosha, na kwa vile nusu ya watu wa Kedowa, kijijini kwetu, wanaijua na ile nusu ingine wameisikia vibaya, afadhali niiseme mwenyewe, na mwenye kucheka acheke tu, nimeshazoea.

Ilianza na damu. Nilikuwa naiona chooni, kidogo kidogo, nikawa namwambia Mama Wambui, bibi yangu, kwamba ni pilipili (na kwetu pilipili hatupiki), mpaka akachoka na mimi akanipeleka hospitali Kericho nikifuata nyuma kama mtoto. Daktari akasema lazima waingize kamera waangalie utumbo. Nikauliza inaingilia wapi. Akaniambia. Nikamwangalia bibi yangu, na yeye akaangalia ukuta.

Ile dawa ya kusafisha tumbo sitaieleza, jua tu kwamba usiku mzima mimi na choo tulikuwa marafiki. Siku yenyewe wakanidunga sindano ya usingizi, nikaamka nikiuliza wataanza saa ngapi, sista akaniambia, "Mzee, tumemaliza." Kumbe daktari alipata kinyama kimeota ndani ya utumbo, akakizungushia waya mwembamba unaopita ndani ya ule mpira wa kamera, akakikata hapo hapo. "Zamani hii tungekupasua tumbo," akasema. "Na ukikiacha miaka, kinaweza kugeuka kansa. Sasa nenda nyumbani, usibebe vitu vizito kwa muda, majibu ya maabara tutakupigia." Hakuna uzi, hakuna kidonda, na jioni nilikuwa kwangu nakunywa uji.

Sasa jioni hiyo hiyo akaingia Mzee Koech, mzee wa kanisa letu, na kundi la wamama, na kati yao mama ya kijana aliyeoa Wambui wangu, yaani mkwe kabisa, ameketi pale ananiangalia kwa huruma.

"Baba Wambui, tumesikia umefanyiwa operesheni," Mzee Koech akasema. "Pole sana. Walipitia wapi?"

Jamani, ungekuwa wewe ungesema nini? Mbele ya mkwe! Mkono wangu ulienda wenyewe, nikajishika tumbo upande wa kulia. Wote wakasema woi.

Walipotoka bibi yangu akaniuliza, "Na kesho wakitaka kuona?" Nikakumbuka ile bandeji Wambui alifungwa alipoteguka mguu, nikaitafuta kabatini nikajizungushia tumbo mara nne. Bibi yangu alisimama mlangoni akaniangalia nikihangaika nayo. "Mimi sitakusaidia kudanganya," akasema, "na sitakusema pia. Utajijua."

Asubuhi akaja Mama Chebet, jirani yetu wa hapo chini, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Huyu mama alikuwa na miezi hamezi ugali, hata kiazi mpaka akisukume na maji, na huku kwetu ugonjwa wa koo umezika watu katika boma nyingi, kwa hivyo kila mtu aliwaza kitu kimoja na hakuna aliyekitaja. Alikuwa amepangiwa Jumatatu iliyofuata aende aingizwe kamera kwa koo.

"Nionyeshe," akaniambia. Nikainua shati. Akaifuata ile bandeji kwa macho kutoka upande huu mpaka ule.

"Wamekukata yote hii?"

"Yote," nikasema, na sijui ni shetani gani aliniingia, nikaguna kidogo kama mtu mwenye maumivu.

Akaenda zake, na mimi nikamaliza mursik. Jumatatu nilimwona akilisha kuku wake. Nikajiambia labda wamebadilisha siku. Ningeweza kupiga hatua hamsini nimuulize, lakini sikumuuliza, na hiyo ndiyo mpaka leo inanisumbua kuliko uongo wenyewe.

Wiki mbili nikawa mgonjwa rasmi. Hospitali walishapiga simu kusema kile kinyama hakikuwa na kansa, na mimi bado natembea nimejipinda. Kanisa likaamua Jumamosi litanichimbia viazi, kwa sababu mtu aliyepasuliwa hawezi kushika jembe, wakaja watu kama ishirini, na mimi mwenye shamba nimeketi kwa kiti nimejifunika blanketi, nakunywa chai, naonyesha na kidole, "Huo mstari bado." (Nikikumbuka hapo natamani kuingia chini ya kitanda.)

Basi ng'ombe wangu akakata kamba, akaja mbio moja kwa moja kwa lile rundo la viazi. Mfugaji anajua, ng'ombe akimeza kiazi kizima kinaweza kumkwama kooni na umpoteze hapo hapo ukiangalia. Sikufikiria. Nilitupa blanketi, nikaruka ua, nikamkimbilia nikipiga kelele, nikamshika pembe, tukavutana mpaka akatema kiazi, na nikigeuka naona watu wote wamesimama na majembe, wananiangalia tumbo. Bandeji ilikuwa imefunguka. Ilianzia kwa ua ikaja mpaka kiunoni mwangu, na shati lilikuwa limepanda juu, tumbo laini, halina hata alama ya mbu.

"Baba Wambui," Mzee Koech akasema polepole, "umepona haraka sana."

Wengine wakaanza kucheka. Mama Chebet hakucheka. Alikuwa ameketi kwa gunia akichagua viazi, amekonda, mashavu yameingia ndani, akasimama akanijia.

"Si uliniambia wamekukata?"

Nikavuta shati chini.

"Mimi sikuenda," akasema. "Niliona hiyo kitu imezunguka tumbo yako, nikasema heri nife na koo yangu. Saa hii hata uji inarudi."

Wacha nikwambie, aibu ya mkwe ni kitu kidogo. Nilisema yote hapo, kwa sauti, mbele ya kanisa, mpira ulivyopita na ulipopitia, waya, usingizi, kwamba sikuhisi chochote na nilirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mkwe akajifunika uso na leso. Mzee Koech akainama kuangalia viazi.

"Na yangu inaingilia mdomo?" Mama Chebet akauliza.

"Mdomo."

"Basi mimi nina bahati kuliko wewe."

Bibi yangu alimpeleka Jumatatu. Walikuta njia ya chakula imebana kwa kovu, wakapitisha puto dogo ndani ya ule mpira wa kamera, wakalijaza mpaka njia ikapanuka, wakakata na vipande vya kupima. Siyo ule ugonjwa. Itabidi arudi wampanue tena, lakini anameza.

Nilienda kumwona. Nilikuwa nimepanga maneno ya msamaha, akaniwahi.

"Daktari aliniuliza mbona nimechelewa mpaka nikakonda hivi," akasema. "Nikamwambia nilikuwa na jirani mgonjwa."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo aliniweza. Siku hizi mtu akiniuliza walipitia wapi, namwambia, hata mkwe akiwa ameketi hapo.